Tarakilishi Inapochelewa Kuamka

Saa mbili kasorobo asubuhi mlango wa maabara ya tarakilishi chuoni hufunguliwa, na wanafunzi huingia kwa kusukumana. Aliyezoea chumba hicho hachagui kiti wala upande wenye hewa. Huchagua mashine ambayo sifa yake ni kuwaka upesi. Hubonyeza kitufe. Feni huvuma, maandishi meupe hupita juu ya skrini nyeusi, nembo hujitokeza, kisha huanza kipindi ambacho hakimo katika ratiba yoyote ya masomo, nacho ni kipindi cha kungoja. Tasnifu inatakiwa ofisini saa nne. Foleni ya kuchapisha imeshafika mlangoni. Na tarakilishi, hata baada ya kulionyesha eneokazi na ikoni zake zote, hukataa kufungua faili moja tu kwa dakika nne au tano zaidi.

Waliosoma miaka ya 2000 na kutegemea saiba za mjini waliulipia ungojaji huo kwa fedha taslimu. Bei ilikuwa aghalabu shilingi moja kwa dakika, na saa ya mwenye duka haikutofautisha dakika ya kusoma barua na dakika ya kuikodolea macho saa ya mchanga iliyoganda katikati ya skrini. Nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, wapo waliodhani kwamba adha hiyo ingekwisha. Mtandao ulipata kasi kweli. Hata hivyo, tarakilishi haihitaji mtandao ili iamke, na kwa hiyo mashine iliyochukua dakika sita kuamka kabla ya nyaya hizo iliendelea kuchukua dakika sita baada yake.

Maelezo yanayotolewa kuhusu hali hii huwa mengi na mafupi. Huyu husema ni virusi. Yule husema mashine imezeeka, kana kwamba saketi zake zimeota mvi. Virusi vipo, na uzee wa aina fulani upo pia, lakini sehemu kubwa ya ucheleweshaji huu ina sababu zinazoweza kuelezwa kwa hesabu ya kawaida, na nyingi kati ya sababu hizo ni maamuzi ya watu.

Kuwasha na kuamsha

Huenda lugha yenyewe imechangia katika hasira za watumiaji. Kiswahili hutumia kitenzi kimoja kwa moto, taa, redio na tarakilishi: zote huwashwa. Taa ikiwashwa, umeme hupita na nuru hupatikana papo hapo. Hakuna anayeketi kuingojea. Kitenzi hicho kinapohamishiwa tarakilishi humpa mtumiaji matarajio ambayo mashine haiwezi kuyatimiza. Waingereza, kwa upande wao, walikopa msemo wao kuhusu mtu anayejaribu kujiinua kutoka ardhini kwa kuvuta vitanzi vya viatu vyake mwenyewe, jambo lisilowezekana, na kutokana na msemo huo wakapata kitenzi cha kuianzisha tarakilishi. Kitenzi chao ni cha ajabu kidogo, ila kinalitaja tatizo lilivyo. Ili tarakilishi ipakie programu, inahitaji programu ya kuipakia. Hiyo ya kwanza itapakiwa na nani?

Tatizo hutokana na kwamba kumbukumbu ya muda, ile ambamo programu hufanyia kazi, husahau kila kitu umeme unapokatika. Kila asubuhi mashine huanza ikiwa haijui hata kwamba ina diski. Kinachoiokoa ni programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye chipu iliyo katika ubao wake mkuu. Katika tarakilishi ya IBM ya mwaka 1981, ambayo ndiyo babu wa nyingi zilizomo maabarani, programu hiyo ilikagua kumbukumbu na kibodi, kisha ikasoma baiti 512 za mwanzo wa diski. Baiti hizo, ambazo ni herufi chache kuliko zilizomo katika aya hii, zilitosha tu kuonyesha mahali pa kupata programu kubwa kidogo, nayo ikakipata kiini cha mfumo endeshi. Mashine za siku hizi zina utaratibu mpana zaidi, lakini zinapanda ngazi ileile: kiini huamka kwanza, kisha huita viendeshaji vya vifaa, viendeshaji hufuatwa na huduma, huduma zikafuatwa na eneokazi, na mwisho kabisa huja programu zote zilizojiandikisha kuamka pamoja na mfumo. Kwa hiyo kuamsha ni kitenzi kinachofaa zaidi kuliko kuwasha, ingawa hata mtu aliyelala fofofo huamka akiwa analikumbuka jina lake.

Siku mia tatu za kungoja

Kupanda ngazi si kuchelewa. Ucheleweshaji hutokana na mahali ambapo kila kipago kimehifadhiwa, yaani kwenye diski.

Diski ngumu ya kawaida ni visahani vinavyozunguka, na juu yake kuna mkono unaosogea kutafuta data, mithili ya sindano ya santuri. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa takriban milisekunde 8.3. Kwa wastani, kipande cha data kinachotafutwa huwa nusu ya mzunguko mbali, yaani milisekunde 4 na ushei. Ongeza milisekunde 9 hivi za mkono kusogea hadi kwenye mstari unaohusika, na kila msako utagharimu kama milisekunde 13. Kwa binadamu huo ni muda usiohisika. Kwa kichakataji cha gigahezi 2, ambacho hupiga mapigo bilioni mbili kwa sekunde, milisekunde 13 ni mapigo milioni 26.

Tarakimu hizo hazieleweki mpaka zigeuzwe. Tuseme kila pigo la kichakataji lingechukua sekunde moja. Kuchota neno kutoka kwenye kumbukumbu ya muda kungechukua kama dakika tatu, muda wa kumwaga chai kikombeni na kuipoza. Kuchota neno hilohilo kutoka kwenye diski inayozunguka kungechukua siku 300. Kichakataji kingetuma ombi mwezi wa Januari na kupata jibu mwishoni mwa Oktoba, kisha kingeuliza swali la pili.

Sasa mfumo endeshi unapoamka hausomi faili moja kubwa iliyopangwa sawasawa. Husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotapakaa kote diskini. Ikiwa ni vipande 4,000, na kila kimoja kikahitaji msako wake, hizo tayari ni sekunde 52 ambazo karibu zote ni za mkono kusogea na kisahani kuzunguka. Hapa ndipo uzee wa mashine unapopata maana yake ya kweli. Saketi hazichoki, ila faili huongezwa, hufutwa na kuandikwa upya, na vipande vyake huzidi kutawanyika mwaka baada ya mwaka, hivyo misako ikawa mingi zaidi kwa kazi ileile.

Hesabu hii inabatilisha ushauri mmoja uliowagharimu wanunuzi wengi, wa kununua kichakataji chenye kasi zaidi. Kichakataji kipya kitangoja kwa kasi zaidi, basi. Kilichobadilisha hali kwa dhati ni kuenea kwa diski za elektroniki, ambazo hazina kisahani wala mkono. Hizo hujibu kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Kwa kipimo chetu cha sekunde moja kwa pigo, siku 300 zimepungua zikawa siku mbili na saa chache. Mashine ya miaka kumi iliyotiwa diski ya namna hiyo aghalabu huamka mapema kuliko mashine mpya yenye diski ya visahani. Fundi anayelijua hilo humwokolea mteja fedha nyingi.

Kuna pia suala la upungufu wa kumbukumbu ya muda. Kumbukumbu ikijaa, mfumo endeshi huhamishia sehemu ya yaliyomo diskini ili upate nafasi, kisha huyarudisha yanapohitajika. Mbinu hii ni ya kale. Tarakilishi ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester iliitumia mwaka 1962. Inafaa sana mpaka programu zinapozidi uwezo wa mashine. Hapo mfumo hushinda ukitoa hiki ili uingize kile, na punde ukakihitaji kile ulichokitoa. Peter Denning alilieleza tatizo hilo kitaalamu mwaka 1968: mashine inashughulika kwa nguvu zake zote na haisogei. Mwenye kufungua faili ya tasnifu, kivinjari chenye kurasa ishirini na muziki kwa wakati mmoja huku mashine ikiwa na kumbukumbu haba, amekwisha kuiona hali hiyo bila kumsoma Denning.

Kuganda, kukwama na kufa

Watumiaji wa Kenya wana msamiati wao wa maradhi ya tarakilishi. Imeganda. Imekwama. Imekufa. Vijana husema imehang, na hawaelekei kuacha. Maneno haya huchukuliwa kuwa visawe, ilhali yangeweza kugawana kazi kwa manufaa makubwa, kwa sababu hali zenyewe zinatofautiana.

Kuna mashine iliyokwama. Hii inafanya kazi, ila inangoja kitu: diski, printa, au seva isiyojibu. Dalili yake ni ile taa ndogo ya diski inayopepesa mfululizo. Mashine hii huachwa. Kila mbonyezo wa ziada wa kipanya huongeza ombi jingine katika foleni ambayo tayari ni ndefu, na ndiyo sababu programu iliyobonyezwa mara saba kwa hasira hatimaye hufunguka mara saba.

Kuna programu iliyoganda. Katika Windows, kila kinachofanywa na mtumiaji, mbonyezo wa kitufe au msogeo wa kipanya, hugeuzwa kuwa ujumbe na kupangwa foleni, na programu inatarajiwa kuichukua jumbe hizo mojamoja. Programu ikizama katika kazi nzito, haiendi kuchukua barua zake. Zikipita sekunde tano bila kufanya hivyo, mfumo huitangaza kwamba haijibu, huondoa dirisha lake na kuweka kivuli kinachofanana nalo ili angalau mtumiaji aweze kulisogeza au kulifunga. Ile rangi iliyofifia si mauti ya programu. Ni kivuli kinachomwakilisha mgonjwa. Tangazo lenyewe halimaanishi kwamba kazi imepotea. Linamaanisha kwamba sekunde tano zimepita. Programu inaweza kuwa inahifadhi tasnifu ya kurasa mia moja kwenye flashi nzito, na mwenye kuiua kwa haraka huiua tasnifu pamoja nayo. Ni hasara ngapi zimetokana na tangazo hilo la maneno mawili!

Hatimaye kuna mfumo mzima uliokufa, ambapo hata kishale cha kipanya hakisogei na taa ya diski imezimika. Katika mifumo ya zamani kama Windows 3.1, na mifumo ya Macintosh iliyotangulia ule wa mwaka 2001, programu zilitarajiwa kuachiana kichakataji kwa hiari. Programu moja yenye uchoyo ilitosha kuua zote. Mifumo iliyofuata hunyang'anya kichakataji kwa nguvu na kugawa zamu, na ndiyo maana siku hizi programu moja hufa na jirani zake wakaendelea kuishi.

Kukata umeme ni dawa ya hali hii ya tatu peke yake, na hata hapo ni dawa chungu. Mfumo endeshi huweka baadhi ya maandishi katika kumbukumbu kabla ya kuyapeleka diskini. Umeme ukikatika, maandishi hayo hupotea na diski hubaki na kumbukumbu zisizolingana. Mfumo ukiamka tena hulazimika kukagua diski nzima au sehemu yake. Katika maabara ambamo umeme hupotea mara kwa mara, mashine huchelewa kuamka kwa sababu ilizimwa vibaya, na huzimwa vibaya kwa sababu mtu alichoka kuingoja.

Nani alaumiwe?

Niklaus Wirth, mtaalamu wa Uswisi aliyebuni lugha ya Pascal na kufariki mwaka 2024, alilalamika mnamo 1995 kwamba programu zinapungua kasi upesi kuliko vifaa vinavyoongeza kasi. Tarakimu zinamuunga mkono. Windows 95 ilihitaji angalau megabaiti 4 za kumbukumbu. Windows XP ya mwaka 2001 ilihitaji 64. Vista, iliyoingia madukani Januari 2007 na kuchukiwa upesi kwa uzito wake, ilidai 512. Windows 11 ya mwaka 2021 hudai gigabaiti 4. Ni ongezeko la mara elfu moja katika miaka 26, na barua ya maombi ya kazi inayoandikwa humo ina urefu uleule.

Si haki kudai kwamba ongezeko lote ni upuuzi. Usalama, picha bora, na uwezo wa kuandika katika lugha nyingi za dunia vyote vina gharama yake. Lakini sehemu fulani ni ya wageni wasioalikwa. Programu ya kusikilizia muziki hujiandikisha kuamka na mfumo ili ionekane nyepesi itakapofunguliwa. Programu ya printa hufanya vivyo hivyo, na ya simu, na ya kutafuta matoleo mapya ya programu nyingine. Kila mtengenezaji huongeza sekunde mbili tu, na huzichukulia sekunde hizo kuwa mali yake.

Kinyume cha tabia hiyo kiliwahi kuonekana. Kampuni ya Apple ilipokuwa ikiunda Macintosh ya kwanza mwaka 1983, Steve Jobs alimwendea mhandisi Larry Kenyon, jina ambalo Mkenya hawezi kulipita bila kutabasamu, akamtaka apunguze sekunde kumi za kuamka kwa mashine. Hoja yake ilikuwa ya hesabu: watumiaji milioni tano, sekunde kumi kila siku, ni sekunde milioni hamsini. Zikijumlishwa kwa mwaka mzima, hizo ni miaka 578 ya maisha ya watu. Jobs alijulikana kwa kutia chumvi, lakini hapa kuzidisha kwake hakukuwa na kosa. Katika miezi michache, zaidi ya sekunde kumi zilipatikana.

Mfano wa pili unafunza zaidi, kwa kuwa unaonyesha namna. Septemba 2008, wahandisi wawili, Arjan van de Ven na Auke Kok, waliamsha Linux kwa sekunde tano kwenye kipakatalishi kidogo cha bei nafuu. Hawakuanza kwa kuuliza ni wapi pangeweza kupunguzwa. Walianza kwa kupanga bajeti kama ya nyumba: sekunde moja ya kiini, moja ya hatua za awali, moja ya mfumo wa michoro, mbili za eneokazi. Kisichotosha humo hakikuingia. Katika uchunguzi wao walikuta mfumo uliopumbaa sekunde mbili ukianzisha huduma ya kusafirisha baruapepe ambayo mwenye kipakatalishi hakuwa na haja nayo. Kila mtu alikuwa akimlipia mtu mwingine. Ni kweli mashine yao ilikuwa na diski ya elektroniki, lakini mashine hiyohiyo ilipotumia mfumo ambao haujarekebishwa ilichukua muda mrefu zaidi.

Mtumiaji wa kawaida hawezi kuandika kiini upya. Anaweza, hata hivyo, kufungua orodha ya programu zinazoamka na mfumo na kuuliza kila moja imefuata nini. Chuo kinaweza kufanya zaidi. Windows 10 iliachwa bila marekebisho ya kawaida ya usalama tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11, kwa hiyo uamuzi kuhusu mamia ya tarakilishi hauwezi kuahirishwa. Kuongeza kumbukumbu, kubadilisha diski, na kuweka mfumo mwepesi wa Linux katika baadhi ya vyumba ni gharama ndogo ikilinganishwa na kununua maabara mpya.

Lugha nayo ina kazi hapa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliposhiriki katika mradi wa Kilinux na kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ilithibitika kwamba menyu na amri zinaweza kusemwa kwa Kiswahili bila kukwaruza. Tafsiri haikuiharakisha diski hata kidogo. Lakini ujumbe unaomwambia mtumiaji kwamba programu haijibu, kwa lugha yoyote iwayo, ni nusu ya habari. Haijibu kwa sababu gani? Inangoja nini? Hadi lini?

Mifumo mingi ya Linux hujibu maswali hayo kwa atakaye. Mwanafunzi aliyechoka kuitazama nembo inayozunguka akibonyeza kitufe cha Esc, nembo huondoka na hatua zote huorodheshwa, mstari kwa mstari. Mara nyingi huwa ni mstari mmoja tu uliosimama, ukisema kwamba mfumo unaitafuta diski fulani na kwamba utaingoja kwa dakika moja na nusu. Fundi akiitazama orodha hiyo hukumbuka kuwa diski hiyo iliondolewa muhula uliopita, na jina lake halikufutwa katika faili ya mipangilio. Tangu siku ile, mashine imekuwa ikiingoja kila asubuhi, sekunde tisini kamili, kabla ya kukubali kwamba haitakuja.